Dawa ya Bardur

Jumamosi moja kwa kinyozi hapa Kondele, kijana mmoja alipiga goti lake kofi akapaza sauti: "Hilo kabila limezidi! Lipunguzwe nguvu!" Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Mzee aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, akageuka polepole kumtazama msemaji. Ilibidi tumwonyeshe simu. "Mzee, ni gemu tu. Hawa ni watu wa theluji, hawapo duniani." Akacheka, lakini sidhani alituamini kabisa, na kwa mji kama Kisumu simlaumu. Tangu siku hiyo tumeacha kusema "kabila". Tunasema "jamii", kama wanasiasa wetu wanavyosema wakitaka kutaja kitu hicho hicho bila kukitaja. Hata hapa nitatumia neno hilo.

Mchezo wenyewe ni The Battle of Polytopia, kazi ya studio ya Midjiwan ya Uswidi. Ulitoka mwaka 2016 ukiitwa Super Tribes, baadaye ukabadilishwa jina. Ni mchezo wa zamu: unacheza zamu yako, unamaliza, mwenzako anacheza yake. Kila zamu miji yako inakupa nyota, na nyota ndiyo pesa ya huko. Unazitumia kununua ujuzi mpya, kuajiri askari, au kuvuna kilicho karibu na mji ili mji ukue. Umeshika mtaani kwetu kwa sababu zisizo na fahari yoyote. Hauhitaji simu ya bei, watu wawili mnaweza kupokezana simu moja bila kugusa bando, na stima zikipotea mnaendelea kucheza mpaka betri ikatae.

Kuna jamii nyingi ndani yake, ila ukiupakua kwenye simu unapewa nne bila malipo: Xin-xi, Imperius, Bardur na Oumaji. Zilizobaki ni za kununua. Kwa hiyo ugomvi wa kwa kinyozi ni ugomvi wa jamii nne, na wanaolalamika wanalalamikia moja tu. Bardur ndio watu wa msitu wa baridi isiyoisha. Wanaanza wakiwa tayari wanajua kuwinda, na ukimuuliza mtu yeyote pale kwenye benchi atakuambia kuwa anayeshika Bardur ameshinda kabla mchezo haujaanza.

Nimekaa na hoja hiyo miezi kadhaa sasa. Nadhani ndani ya neno "imezidi" tumefunga mizigo mitatu au minne tofauti, na ndiyo maana kila mtu anabishana kivyake na hakuna anayeshindwa.

Hesabu ya nyota

Tuanze na kilicho kweli katika malalamiko hayo, maana kipo.

Unaanza mchezo na nyota 5 na mji mkuu mmoja ambao unakuletea nyota 2 kila zamu. Mji ukipata watu 2 zaidi unapanda daraja la pili, na hapo unachagua zawadi. Wengi wetu tunachagua karakana, ambayo inaongeza nyota 1 kila zamu. Daraja lenyewe nalo linaongeza 1. Kwa hiyo mji uliokuwa unaleta 2 sasa unaleta 4. Mapato yameongezeka maradufu kwa hatua moja.

Bardur anaweza kufanya hivyo kabla mwenzake hajashika simu. Kuwinda mnyama mmoja ni nyota 2 na kunaleta mtu mmoja. Wanyama wawili ni nyota 4. Mji umepanda, karakana imesimama, na bado amebaki na nyota 1 mkononi.

Xin-xi hawezi. Yeye ameanza na ujuzi wa kupanda milima, na mlima hauliwi. Ili apate watu lazima kwanza anunue ujuzi wa kuvuna, kwa mfano ule wa matunda, ambao kwa mwenye mji mmoja ni nyota 5. Nyota zote zimekwisha. Zamu inayofuata anapata 2, anachuma tunda moja. Inayofuata tena anapata 2, anachuma la pili, na hapo ndipo mji wake unapanda.

Hesabu mpaka mwanzo wa zamu ya tatu baada ya ile ya kufungulia. Bardur amepokea 4 mara tatu, ukijumlisha na ile 1 aliyobakisha ana nyota 13. Xin-xi amepokea 2, 2 na 4. Zile mbili za mwanzo zimeliwa na matunda, ana nyota 4. Kumi na tatu kwa nne! Ukimwonyesha mtu hesabu hii kwa kalamu, anatupa mikono juu na kusema kesi imekwisha.

Haijaisha. Angalia kila mmoja ana nini mfukoni. Bardur ana ujuzi mmoja, wa kuwinda. Xin-xi ana ujuzi wa aina mbili, milima na matunda. Kati ya zile nyota 9 za tofauti, 5 zimelala katika ujuzi huo wa pili, nao ni mali kama mali nyingine. Pengo halisi, yaani nyota ambazo Bardur amezipata na Xin-xi hakuzipata kabisa, ni 4. Hizo ni askari wawili wa kawaida.

Fikiria akina mama wawili wanaoanza kuuza mboga Kibuye siku moja na mtaji sawa. Mmoja amerithi meza ya shangazi yake, kwa hiyo Jumatatu asubuhi anauza. Wa pili amerithi mkokoteni, ila lazima kwanza alipie meza, na mauzo yake yanaanza Jumatano. Ukipita Jumatano jioni na kulinganisha pesa zilizo kwenye kibeti, utasema wa pili ameonewa. Ila mkokoteni anao. Swali linakuwa kama atapata mahali pa kuutumia kabla mwenzake hajachukua wateja wote.

Hapo ndipo kiini kilipo, na ni pazuri kukaa kidogo. Faida ya mapema katika michezo ya namna hii huzaa. Nyota 4 leo ni askari wawili, askari wawili wanateka kijiji ambacho hakina mwenyewe, kijiji kinakuwa mji, mji unaleta nyota yake kila zamu. Mali huzaa mali. Lakini inahitaji muda na nafasi ya kuzalia. Waliotengeneza Polytopia walilijua hili wakaweka breki: bei ya ujuzi hupanda kadiri unavyoongeza miji. Ujuzi wa ngazi ya kwanza ni nyota 4 ukijumlisha idadi ya miji yako. Wa pili ni 4 na mara mbili ya miji. Wa tatu ni 4 na mara tatu. Mwenye mji mmoja analipa 7 kwa ujuzi wa juu kabisa. Mwenye miji mitano analipa 19 kwa ujuzi ule ule. Tajiri anakuwa na nyota nyingi, lakini anauziwa kwa bei ya tajiri.

Kwa nini hakuna anayemlalamikia Imperius?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kushuku hoja ya benchi. Imperius anaanza na ujuzi wa matunda, na matunda kwake yamejaa kuliko kwa wengine. Tunda ni nyota 2, linaleta mtu 1. Matunda mawili, mji unapanda zamu ya kwanza kabisa, karakana inasimama. Ni hesabu ya Bardur neno kwa neno. Kama tatizo ni karakana ya mapema, basi Imperius naye amezidi, na sijawahi kusikia mtu akipiga goti lake kofi kwa ajili ya Imperius.

Kuna tofauti za kweli kati yao, na ni vizuri kuwa mkweli. Nchi ya Bardur ina matunda zaidi ya kawaida pamoja na wanyama, kwa hiyo akinunua ujuzi wa pili anakuta chakula kinamsubiri. Mazao ya shamba ndiyo hana, na hilo humuuma baadaye kidogo, wakati Imperius anaendelea kutoka kwenye matunda moja kwa moja hadi kilimo. Halafu kuna msitu. Kutoka kuwinda, hatua inayofuata ni upigaji mishale, na pamoja na mishale unapata kinga kwa askari wako aliyesimama msituni. Askari wa kawaida akimpiga mwenzake mzima mahali pa wazi, anamtoa afya 5 kati ya 10, na akijibiwa anatolewa 5 naye. Anayepigwa akiwa msituni na kinga hiyo, anatolewa 4 na kujibu kwa 5. Yaani unamshambulia mtu halafu wewe ndiye unayeumia zaidi. Kwa anayeshambulia Bardur kichwa mbele, kila mti ni askari wa ziada.

Hapo nakubali kwamba Bardur ni jamii nzuri, pengine bora kati ya zile nne za bure. Lakini "bora kati ya nne" na "imezidi" ni maneno mawili. Katika kundi lolote la nne lazima mmoja awe wa kwanza. Na tukumbuke kundi letu limechaguliwaje: ni zile ambazo hazidai kadi ya benki. Zebasi anayeanza na kilimo hatumwoni, Kickoo mvuvi hatumwoni (na kwa watu wa ziwani kama sisi hiyo ni dhambi), Luxidoor anayeanza na mji mkuu uliokwisha kukua hatumwoni. Mbili kati ya nne zetu, Xin-xi na Oumaji, hazina chakula katika ujuzi wa kuanzia. Basi Bardur anapimwa na wenye njaa, halafu tunashangaa kitambi chake.

Mechi ishirini hazitoshi

Mtu akitaka kushinda ubishi huu hutaja idadi. "Bardur ameshinda mechi nyingi." Ngapi? Tuseme, kwa mfano, mmeandika ukutani mechi 20 na Bardur ameshinda 14. Inasikika kama ushahidi mzito. Sasa chukua shilingi ambayo haina upendeleo wowote, irushe mara 20. Kupata vichwa 14 au zaidi hutokea karibu mara 6 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Si jambo la kila siku, lakini si muujiza. Na kama mna jamii nne na mnasubiri yoyote kati yao ionekane imepanda juu, uwezekano wa kuona "muujiza" kwa bahati tu unaongezeka, kwa sababu mmempa kila mmoja nafasi ya kuwashangaza.

Kuna jambo jingine baya zaidi, na hili hata mechi elfu haziliponyi. Nani anashika Bardur? Pale kwetu, anayeshika Bardur ni yule anayejua kucheza, kwa sababu amesikia ndiyo bora. Anayeshika Xin-xi ni mgeni aliyependa rangi nyekundu. Ukihesabu ushindi hapo unapima watu, ukidhani unapima jamii. Ni kama kusema kiatu fulani kinashinda mbio kwa kuwa umekiona miguuni mwa wakimbiaji wa Iten.

Na urahisi nao unajificha ndani ya hesabu hiyo. Bardur inasamehe makosa. Unawinda wawili, unapata karakana, hata ukilala zamu mbili bado uko sawa. Oumaji haisamehi: anaanza na mpanda farasi mwenye kasi ya miraba 2 na kinga ndogo, nchi yake ni jangwa lenye vyakula vichache, na ukimchezea polepole umekufa. Jamii rahisi hushinda sana mikononi mwa wanaojifunza. Wakishajifunza, hadithi inaweza kugeuka.

Mfano mzuri wa upande wa pili unatoka kwenye mchezo mkubwa zaidi wa zamu, Civilization VI. Novemba 2020 iliongezwa Babeli ya Hammurabi. Kwa kawaida katika mchezo huo ukitimiza sharti fulani la kihistoria, kwa mfano kujenga kitu fulani au kushinda vita fulani, unapunguziwa sehemu ya kazi ya ujuzi unaohusika. Babeli inapewa ujuzi wote mzima papo hapo, lakini sayansi yake ya kila zamu imekatwa nusu. Mikononi mwa asiyeyajua masharti, Babeli ni kiwete. Mikononi mwa aliyeyakariri, inaruka enzi nzima wenzake wakiwa bado na mikuki. Sasa niambie, Babeli imezidi au haijazidi? Jibu linategemea kichwa cha aliyeishika, na hesabu moja ya ushindi iliyochanganya vichwa vyote haikuambii chochote.

Anayeanza

Wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda nje ya kinyozi hawana tatizo la jamii. Vipande vyao ni sawa kabisa pande zote. Hata hivyo nao hugombana, na ugomvi wao ni nani aanze.

Ni ugomvi halali. Katika chesi, ambapo majeshi ni pacha, Nyeupe anayeanza hupata kati ya asilimia 52 na 56 ya pointi katika kumbukumbu za mashindano. Kwenye Go, mchezo wa Asia Mashariki, walikubali kabisa kwamba anayeanza amependelewa, wakaamua kumlipa wa pili fidia ya pointi: 6.5 Japani na Korea, 7.5 China. Nusu ile imewekwa ili kusiwe na sare. Fidia hiyo Japani ilikuwa ndogo zamani, ikaongezwa kadiri walivyoona haitoshi. Na drafti yenyewe, ile ya miraba 64 kwa kanuni za Uingereza na Marekani, ilimalizwa na kompyuta mwaka 2007. Kundi la Jonathan Schaeffer katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, lilionyesha, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989, kwamba wote wawili wakicheza bila kosa hata moja matokeo ni sare. Niliwaambia wazee hilo. Mmoja akanijibu kwamba kompyuta hiyo haijakutana naye. Kanuni zetu za mtaani ni tofauti kidogo, kwa hiyo nilimwachia.

Turudi kwenye simu. Sisi tunacheza wawili, kwenye ramani ndogo kuliko zote, ya miraba 121, yaani 11 kwa 11, kwa sababu foleni ya kinyozi haingoji. Ramani kubwa kabisa ya mchezo huo ina miraba 900. Kwenye 121, maadui wanaonana mapema mno. Nyota 4 za pengo tulizozihesabu zinafika mlangoni kwa adui kabla Xin-xi hajapata mlima wa kupanda. Kwenye 900, mna nafasi ya kujenga kila mmoja kwake kwa zamu nyingi, breki ya bei inaanza kuuma, na askari wawili wa ziada wa mwanzoni wanasahaulika. Juu ya hayo, anayeanza ndiye anayefika kwanza kwenye kijiji cha katikati. Kijiji hukiteki siku unayofika. Unaingia, unangoja zamu yako irudi, ndipo unateka. Kwenye ramani finyu, kuwahi kwa zamu moja ni kupata kijiji au kukikosa.

Na kwetu nani anaanza? Mwenye simu. Na mwenye simu anashika nini? Bardur.

Ndiyo kusema, miezi yote hiyo tulikuwa tukimpa mchezaji mzoefu jamii rahisi, zamu ya kwanza, na uwanja mdogo, kisha tukiulaumu msitu.

Isiyo na dawa

Sasa nitoe kipimo changu, maana kukosoa vipimo vya wengine ni rahisi. Sijali sana jamii inashinda mara ngapi. Nauliza: ina dawa? Na dawa yake ni bei gani?

Kila jamii nzuri inapaswa kuwa na kitu kinachoishinda, na kitu hicho kiwe ndani ya uwezo wa mpinzani wa kawaida. Dawa ikiwepo na iwe nafuu, jamii hiyo ni kali tu. Dawa ikiwa ghali kuliko ugonjwa, au ikiwa ni moja tu na kila mtu analazimika kuinywa kila mechi, hapo imezidi, hata kama inashinda nusu tu ya mechi. Maana imewanyang'anya wengine uchaguzi. Mchezo wa mikakati usio na uchaguzi ni kazi ya kuajiriwa.

Dawa ya Bardur ipo na ni nyota 3. Ni farasi. Ukiwa Oumaji, zamu yako ya kwanza unamtoa mpanda farasi wa bure mjini na kuajiri wa pili. Bardur ametumia nyota zake kula nyama. Amebaki na 1, na askari wa kawaida ni 2, kwa hiyo zamu hiyo hana hata mmoja wa kuongeza. Farasi wanapita miraba 2 wakati askari wake anapita 1. Wanateka vijiji vilivyo njiani, kisha wanazunguka mji wake kumlazimisha akae nyumbani kulinda badala ya kwenda kutafuta vijiji vyake. Karakana yake inaendelea kuleta nyota, lakini zote zinaishia kwenye ulinzi. Kinga ya msitu bado hana, hajalipia mishale. Tahadhari moja: farasi akiingia msituni anasimama hapo hapo, kwa hiyo njia unaichagua kwa macho mawili. Ukikawia mpaka amenunua mishale, dawa imepita muda wake.

Linganisha na jamii ya wadudu, Cymanti, ambayo ni ya kununua na ambayo wengi wetu tumeiona kwenye video tu. Hiyo ndiyo iliyozua malalamiko ya kweli ya dunia nzima ilipotoka. Mdudu wake wa miguu sita anagharimu nyota 3 sawa na farasi, ana afya 5 tu, lakini shambulio lake ni 3 mahali ambapo la farasi ni 2, naye msitu na mlima havimsimamishi. Kile kizuizi kinachomfanya farasi awe na haki, kwake hakipo. Halafu kuna sumu: askari aliyetiwa sumu kinga yake inashuka, na akitaka kujitibu, zamu hiyo inaisha kwa kuondoa sumu bila kurudishiwa afya. Halafu tandu, jitu lao, ambalo likiua linarefuka kwa kipande kingine. Kila jibu ulilonalo linakugharimu zamu, na wakati unajibu yeye anasonga. Dawa zilikuwepo, lakini zote zilikuwa za bei ya hospitali. Watengenezaji wameipunguza makali zaidi ya mara moja tangu wakati huo.

Ndiyo maana ni hatari kusema neno "imezidi" kwa kila kinachotushinda. Ukimpunguza makali mtu kama Bardur kwa sababu anasamehe makosa ya wanaoanza, umewanyang'anya wanaoanza mahali pa kujifunzia, na hujamgusa mwenye simu. Ataanza na Imperius kesho, na wiki ijayo tutasikia Imperius imezidi.

Mmoja akate

Kwetu mtu akiwapa watoto wawili chapati moja, anasema: mmoja akate, mwingine achague. Anayekata atajitahidi kukata sawa kuliko hakimu yeyote, maana kipande kidogo kitabaki kuwa chake. Wachezaji wa Hex, mchezo wa ubaoni wa watu wawili, wana kanuni ya namna hiyo: wa kwanza anaweka kipande, na wa pili akiona hatua hiyo ni nzuri mno, anaruhusiwa kubadilisha upande.

Niliipeleka kwa kinyozi. Kanuni ikawa hivi: mmoja anapanga kila kitu, jamii zote mbili, ukubwa wa ramani, nani aanze. Mwingine anachagua akae upande gani. Hakuna haja ya kumsihi Mswidi yeyote apunguze makali ya mtu. Kama kweli unaamini Bardur imezidi, basi ukipanga lazima umbebeshe mzigo mpaka uone uko tayari kuchukua upande wowote. Na ukiwa wa kuchagua, chagua unachokiamini.

Mechi chache za kwanza zilikuwa kichekesho. Mmoja alipanga Bardur dhidi ya Xin-xi, ramani ya 121, Bardur aanze, kwa mazoea tu. Mwenzake akachukua Bardur bila hata kukaa. Mechi ya tatu, mpangaji yule yule akawa ameshajifunza: ramani ya katikati ya miraba 256, Xin-xi aanze. Mchaguzi akasita. Kusita huko ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta muda wote. Mtu akisita, mizani imekaribia kulala sawa.

Jumamosi iliyopita ikawa zamu ya yule kijana wa goti na kofi kuchagua. Nilimpangia mimi. Ramani ya 121, nchi kavu, isiyo na maji ya kuzuia njia. Upande mmoja Oumaji, aanze. Upande wa pili Bardur yake, wa pili kucheza. Nikamwekea simu pajani.

Aliitazama muda wa kichwa kizima kunyolewa. Akauliza kama anaweza kupata Bardur na kuanza vile vile, benchi likamzomea. Akaniangalia, akaangalia simu, akachukua farasi.